Sisi hatuli nguruwe kabisa, daktari kasema mdogo wangu ana minyoo ya nguruwe kichwani. Inawezekanaje?

dada_isyonje

Habari za humu ndani wapendwa. Naandika nikiwa na uchungu, mnivumilie nikirefusha. Tunaishi huku njia ya Isyonje, tunalima viazi na mboga, nyumba nzima ni Wasabato tangu enzi za babu na bibi, nguruwe hatuli na hata kumfuga hatumfugi.

Mdogo wangu wa kiume ana miaka 19. Mwezi wa pili alianguka shambani tukadhani ni njaa na uchovu maana walikuwa wanachimba viazi tangu alfajiri, wiki iliyofuata akaanguka tena, safari hii jikoni, mkono ukaingia kwenye moto wa kuni. Kilichoniuma kuliko vyote ni kwamba watu wazima watatu walikuwepo pale pale na hakuna aliyemgusa, kisa wanasema lile povu la mdomoni likikupata na wewe unaanza kuanguka. Mama ndo alimvuta aliporudi kuchota maji. Mkono umepona ila vidole viwili havikunji tena.

Tumezunguka sana, mwisho hospitali moja kubwa wakampiga ile picha ya kichwa, siti skani, daktari akatuambia kuna vifuko viwili kwenye ubongo, ni minyoo ya nguruwe, anaitwa tegu. Akaandika dawa za kifafa akasema turudi baada ya mwezi. Foleni ilikuwa ndefu hatukupata nafasi ya kuuliza.

Sasa tangu siku hiyo nyumbani hakukaliki. Baba anasema kijana amekula kitimoto kwa siri kwenye baa za Uyole, anaona aibu hata kumtazama mzee wa kanisa, na mdogo wangu analia usiku anaapa kwamba hajawahi hata kuionja. Halafu wamemtengea sahani na kikombe chake. Naombeni mnisaidie mambo mawili. Inawezekana kweli mtu ambaye hajala nguruwe maisha yake yote akapata hiyo minyoo kichwani? Na je, anaambukiza?

mtu_wa_Tukuyu

Pole sana dada. Mi nijuavyo kifafa cha kuanguka kinapatikana kwa lile povu, au ukikanyaga mkojo wake akiwa ameanguka, wazee wetu walitufundisha hivyo na mimi mwenyewe nawajua ndugu wawili wa nyumba moja, alianza mkubwa, baada ya miaka kama mitatu mdogo wake naye akaanza. Hilo la nguruwe vijana siku hizi wanakula tu wakiwa mbali na nyumbani, msigombane sana, mtibuni.

maabara_Mwanjelwa

Ndugu wa Tukuyu nakupinga kwa heshima, na dada nakuomba habari ya povu uifute kabisa. Mimi nafanya kazi maabara, kutwa nzima niko na vinyesi chini ya hadubini, kwa hiyo hili niachieni niliseme kwa urefu.

Mdogo wako anaweza kabisa kuwa anasema kweli tupu. Baba asomewe hapa: mtu hapati vifuko vya tegu kichwani kwa kula nyama ya nguruwe. Anavipata kwa kumeza mayai ya tegu, na mayai hayo hayatoki kwa nguruwe, yanatoka kwenye kinyesi cha binadamu mwenzake.

Iko hivi. Mtu akila nyama ya nguruwe yenye vifuko na haijaiva vizuri, kile kifuko kikifika kwenye utumbo mwembamba kinachomoza kichwa, kichwa chenyewe kina vinyonyeo vinne na ndoano zimezunguka kama taji, kinashika ukuta wa utumbo kisha mwili unaanza kuota kwa nyuma. Baada ya kama miezi miwili anakuwa mnyoo kamili, mita 2 hadi 7, bapa kama utepe, amegawanyika pingili pingili mfano wa muwa. Pingili za mkiani ndo zilizokomaa, kila moja imebeba mayai kama elfu 50, zinakatika zenyewe na kutoka na choo. Mwenye mnyoo mara nyingi haumwi, labda tumbo linamsumbua kidogo, labda anaona vipande vyeupe chooni anadhani ni chakula hakijasagika. Anaweza kuishi naye miaka na anasalimiana na watu, anapika, anachuma mboga, hajui kitu.

Nguruwe anayezurura akila kinyesi cha huyo mtu, mayai yanapasukia tumboni mwake, vinatoka vijidudu vidogo mno vinatoboa utumbo vinaingia kwenye damu na damu inavisambaza kwenye misuli, ulimi, moyo, ubongo. Huko kila kimoja kinajijengea kifuko chenye maji na kinakaa kusubiri nguruwe aliwe, na akiliwa nyama haijaiva mambo yanaanza upya.

Shida sasa ni kwamba yai la tegu halichagui tumbo. Likiingia kwa binadamu, kwa mkono mchafu, kwa maji, kwa mboga mbichi, linafanya yale yale linayofanya kwa nguruwe. Yaani mtu anakuwa amekaa nafasi ya nguruwe. Vifuko vinaota kwenye misuli, chini ya ngozi, machoni, na kwenye ubongo. Kwa hiyo hebu fikirieni ile sahani ya kitimoto ya baa: nyama isiyoiva inakupa mnyoo tumboni, lakini cha kukupeleka vifuko kichwani ni ile kachumbari ya pembeni kama aliyeikata ana tegu na hakunawa alipotoka chooni. Na kachumbari hiyo hiyo Msabato anaila na chipsi, Muislamu anaila na pilau.

Swali lako la pili, haambukizi. Kifuko cha kwenye ubongo hakitagi mayai, hakina njia ya kutoka, na hakuna yai la tegu kwenye mate wala povu wala jasho wala mkojo. Kikombe chake kirudisheni kwenye vikombe vya wengine leo hii. Ila naongeza neno moja, wapo wachache ambao wana vifuko kichwani na mnyoo tumboni kwa pamoja, wanajiambukiza wenyewe kwa mikono yao, kwa hiyo choo chake kipimwe, na si chake peke yake, cha nyumba nzima.

dada_isyonje

Ndaga fijo kaka, Mungu akubariki. Nimesoma mara tatu. Lakini sasa umenitia hofu nyingine. Sisi bustani ya mboga tunamwagilia maji ya kijito, na huko juu kuna nyumba za watu wanaofuga nguruwe wa kufungulia, samadi ya hao nguruwe inashuka mpaka kwetu na mvua. Itakuwa ndo imetoka huko?

maabara_Mwanjelwa

Hapana dada, na swali lako ni zuri sana maana karibu kila mtu anakosea hapo. Kinyesi cha nguruwe hakina mayai ya tegu. Nguruwe ana vifuko tu kwenye nyama, mnyoo mkubwa anayetaga haishi kwake, anaishi kwa binadamu peke yake. Samadi ya nguruwe ina wadudu wengine wa kuharisha, hilo lipo, ila kwa tegu cha kuangalia ni vyoo vya watu wa huko juu. Kama vina mashimo marefu na havifuriki sawa, kama watu wanajisaidia vichakani au choo kinatapika masika, basi maji ya hicho kijito yanaweza kubeba mayai mpaka kwenye chainizi na majani ya maboga yenu, na mayai hayo yanakaa miezi kwenye udongo wenye unyevu yakiwa bado hai. Huku kwetu kuna baridi na ukungu nusu mwaka, yanapata mazingira mazuri.

mfugaji_Mlowo

Mimi nafuga nguruwe Mlowo, Mbozi, na nitasema ukweli wa huku hata kama wenzangu watanuna.

Msimu mahindi yakiwa shambani tunawafungia, kwa sababu akila mahindi ya jirani unalipa. Watu wakishavuna tu tunafungulia, nguruwe anajitafutia mwenyewe, unaokoa pumba. Na choo cha watu wengi ni cha mabua, hakina mlango, nguruwe anaingia na kutoka. Watoto wadogo wanajisaidia nyuma ya nyumba na nguruwe anasafisha, tena watu wanaona ni jambo jema, uwanja unabaki safi. Mimi nimekulia hivyo na sikuwahi kuliona kosa mpaka nilipokaa na afisa mifugo akanichorea kwenye karatasi hayo aliyoandika mtu wa maabara.

Mnunuzi akija anamlaza nguruwe, anamfungua mdomo kwa kijiti, anavuta ulimi na kupapasa kwa chini. Akikuta vipele kama punje za mchele anashusha bei nusu au anaondoka. Sasa mjiulize huyo nguruwe anaenda wapi. Hatupwi! Anachinjwa usiku, mkaguzi wa nyama haitwi, majirani wanagawana. Na ulimi ukiwa safi bado haina maana nyama yote ni safi, nguruwe mwenye vifuko vichache ulimi hauonyeshi kitu.

Mwaka juzi nilikopa nikajenga banda la mbao limeinuliwa kutoka chini, nguruwe wangu hawatoki mwaka mzima, na choo nilianza nacho kabla ya banda, nikaweka mlango. Pumba zinaniumiza mfukoni ila sifungulii tena. Mwenye mtaji mdogo aanze na mlango wa choo, hautafika bei ya nguruwe mmoja.

Kwenye kuila sasa, msikimbilie ile ya kuchomwa harakaharaka juu ya moto mkali, nje nyeusi ndani pinki. Mimi nakata vipande vidogo nachemsha kwanza ndo nakaanga.

Mwl_Ilula

Kamwene ndugu zangu. Nafundisha bayolojia sekondari huku Iringa na hili somo nalipenda maana wanafunzi wangu nusu wanatoka kwenye nyumba zenye nguruwe. Naomba niongeze mambo ambayo yatamsaidia dada kwa baba yake.

Kwanza, Baba asidhani ni familia yake tu. Huko Marekani, jijini New York, kati ya mwaka 1990 na 1991 waligundulika wagonjwa wanne wenye vifuko vya tegu kwenye ubongo, wote ni watu wa jamii ya Wayahudi wanaoshika sana dini, nguruwe kwao ni mwiko kama ilivyo kwenu, na wote wanne hawajawahi kumla. Madaktari wakashangaa kama mnavyoshangaa nyie. Walipofuatilia wakaona chanzo kinachoelekea zaidi ni wasaidizi wa nyumbani waliotoka nchi za Amerika ya Kusini na ya Kati ambako tegu ni wengi, mmoja wao walimkuta na mayai kwenye choo. Taarifa ilichapishwa mwaka 1992. Naomba sana hapa mtu asichukue hii habari akaanza kumfukuza dada wa kazi. Yule binti hakujua kama anavyokuwa hajui mtu yeyote mwenye tegu, na tiba yake ni vidonge vya siku moja.

Pili, kwanini iliwachukua watu muda mrefu kuelewa. Zamani walidhani vile vifuko vya nguruwe ni mdudu mwingine na tegu wa tumboni ni mwingine. Daktari mmoja Mjerumani, Friedrich Küchenmeister, mwaka 1855 alimwekea mfungwa aliyehukumiwa kifo vifuko vya nguruwe kwenye chakula, na baada ya hukumu kutekelezwa alimpasua akakuta tegu wachanga wameshika kwenye utumbo. Ni jambo la kikatili, nikifundisha huwa namwambia kila mwanafunzi kwamba leo halikubaliki, lakini ndivyo ilivyojulikana kuwa ni mdudu mmoja mwenye maumbo mawili.

Tatu, na hili ndo kubwa kwangu. Tumezoea kufikiri magonjwa yote ya choo-mpaka-mdomo ni kama kipindupindu. Kipindupindu ni bakteria, unameza, wanagawanyika mmoja wawili wawili wanne, na ndani ya saa chache mpaka siku 5 mtu ameanza kuharisha, kwa hiyo unaweza kumuuliza jana ulikula wapi ukampata muuza juisi. Tegu hazaliani hivyo. Yai moja linakuwa kifuko kimoja, basi, vifuko viwili vya mdogo wako ni mayai mawili. Na kifuko kikiwa hai kwenye ubongo kinajificha, kinga ya mwili haikishtukii, mtu anakaa miaka hana dalili. Kifafa mara nyingi kinaanza kile kifuko kinapoanza kufa, hapo ndo mwili unakigundua, sehemu ile inavimba, na umeme wa ubongo unavurugika. Askari wa Uingereza waliokuwa India wengine walianza kuanguka wakiwa wamesharudi kwao miaka mingi. Sasa baba anamhoji kijana alikula nini mwaka huu, wakati yai lenyewe anaweza kuwa alilimeza akiwa darasa la nne.

Kuhusu mboga, ile klorini tunayotia kwenye maji inafaa sana kwa kipindupindu, ila yai la tegu lina ganda nene, klorini ya kiasi kile hailiui. Linaloliua ni moto. Kwa hiyo mboga za kupika hazina shida zikipikwa. Za kula mbichi, nyanya na karoti na kabichi ya kachumbari, oshea maji safi yanayotiririka huku unasugua ili mayai yaondoke, kinachomenyeka kimenywe. Sisi huku tuna vinyungu, bustani za mabondeni wakati wa kiangazi, kila mtu analima karibu na maji na kila mtu anajisaidia karibu na alipolima kwa sababu nyumbani ni mbali. Nimewaambia wanafunzi wangu kila kinyungu kiwe na shimo la choo upande wa juu mbali na maji, wengine wazazi wao wamechimba, nilifurahi mno.

mtu_wa_Tukuyu

Nimesoma yote nimekaa kimya. Mwalimu, na wewe wa maabara, sasa wale ndugu wawili niliowasema? Mimi sikutunga, nawajua.

maabara_Mwanjelwa

Sikusema umetunga kaka. Ndugu wawili wanaolala nyumba moja wanatumia choo kimoja, wanakula mboga za bustani moja, na kama kwenye hiyo nyumba kuna mtu mmoja mwenye tegu tumboni basi wote wawili wamekuwa wakila mayai kutoka mkono ule ule. Ndo maana tukipata mgonjwa mmoja wa vifuko tunaitaka familia nzima. Wazee waliona sahihi kwamba kinaenda kwa nyumba, walichokosea ni njia inayopita. Halafu si kila kifafa ni tegu. Kuna cha kuumia wakati wa kuzaliwa, cha malaria iliyopanda kichwani, cha uti wa mgongo, cha ajali ya bodaboda, na kipo cha kurithi, nacho kinaweza kuonekana kwa ndugu wawili. Shirika la Afya Duniani linasema sehemu nyingi zenye tegu, ambako nguruwe wanazurura kati ya watu, kama asilimia 30 ya kifafa inatokana naye, na kwenye jamii zilizo hatarini zaidi inaweza kufika 70. Na katika hizo sababu zote hakuna hata moja inayopita kwenye povu.

nesi_mstaafu_Njombe

Wanangu mmeandika vizuri, mimi nimekaa wodini miaka mingi naomba niseme ya matibabu na ya mtu akianguka, maana mkono wa huyo kijana umeniliza.

Watu wa kifafa niliowauguza wengi hawakuja kwa sababu ya kifafa, walikuja kwa sababu ya moto. Watu wanasimama wanatazama. Hata kule Mahenge, daktari mmoja mama, Mnorwei, Louise Jilek-Aall, alianzisha kliniki ya kifafa mwaka 1960 na alikutana na hofu hii hii, wagonjwa wametengwa, wameungua, wamezama majini, kwa kuogopwa kuguswa tu. Miaka zaidi ya sitini bado tuko pale pale.

Mtu akianguka mvute mbali na moto au maji, weka nguo laini chini ya kichwa, mlegeze shingoni, mgeuze ubavu ili mate yatoke. Usimtie kijiko mdomoni, usimshikilie kwa nguvu, usimpe maji mpaka azinduke kabisa. Tazama saa. Ikipita dakika 5 bado anatetemeka, au akianguka tena kabla hajazinduka, tafuta gari muwahi hospitali. Ukimaliza nawa mikono kwa sabuni kama unavyonawa siku zote, inatosha.

Dawa za kifafa asikatishe hata akikaa miezi haanguki, kuziacha ghafla kunaleta kuanguka kwa mfululizo na hapo mtu anaweza kufa. Amwambie daktari ndo apunguze.

Na hapa sasa dada nisikilize vizuri. Usiende duka la dawa kumnunulia dawa ya minyoo ukidhani unaviua vile vifuko. Albendazo ipo na inatumika, ila kwenye ubongo kifuko kikifa kinavimbisha, ndo maana daktari anaitoa pamoja na dawa ya kuzuia uvimbe na anamwangalia kwa karibu, na vifuko vingine vikiwa vimeshakufa wala haviitaji hiyo dawa. Hivyo hivyo prazikwanteli, ile ya kichocho wanayogawiwa watoto shuleni, mtu mwenye historia ya kuanguka aseme kabla ya kumeza kwa sababu inafika mpaka kwenye ubongo na inaweza kuamsha kifuko kilicholala. Kwa wengine wa nyumbani watakaokutwa na mnyoo tumboni ipo niklosamidi, hiyo haiingii kwenye damu, inafanya kazi humo humo kwenye utumbo. Mtaandikiwa hospitali kinachofaa.

mama_Kabwe

Samahani naingilia, na tegu wa ng'ombe je? Sisi hapa mtaani mishkaki ndo chakula cha jioni.

maabara_Mwanjelwa

Mama, tegu wa ng'ombe yupo na ni mrefu kuliko wa nguruwe, ila mayai yake hayageuki vifuko kwa binadamu. Anakaa tumboni tu. Kinachotusumbua ni kwamba mayai ya hawa wawili kwenye hadubini yanafanana kabisa, siwezi kukuambia ni wa nani, kwa hiyo nikiyaona naandika mayai ya tegu na mtu anatibiwa kama wa nguruwe. Tena choo kimoja kikisoma safi usiridhike, mayai hayatoki kila siku, leta sampuli siku tatu tofauti.

dada_isyonje

Wapendwa nimerudi, ni wiki ya tatu sasa. Niliwasomea nyumbani yote, jioni, taa ikiwa imewashwa, baba alinisimamisha mara nyingi anasema rudia hapo. Pale pa wale watu wa New York alinifanya nirudie mara mbili.

Kuna jambo sikuliandika mwanzo kwa sababu niliona halihusiani. Tunaishi na mjomba, mdogo wake mama, ni fundi ujenzi, yuko nasi tangu 2019, yeye si wa kanisa letu na akiwa kazini anakula anachokipata. Nilimwita pembeni nikamuuliza kwa adabu kama amewahi kuona vipande vyeupe akienda chooni. Akanyamaza. Akasema tangu mwaka juzi, alikuwa anaona aibu kusema na hakuwa anaumwa. Tumepima wote saba siku tatu tatu kama ulivyosema kaka wa maabara, wamekuta mayai kwa mjomba peke yake, ameshameza dawa na wamemwambia arudi kupimwa baada ya miezi mitatu.

Yeye ndo huwa anatuletea mboga kutoka bustanini na siku nyingi anatengeneza kachumbari kwa sababu anaijua kuliko sisi. Amelia sana, anasema amemuua mtoto wa dada yake. Mama amemwambia hakuna aliyekufa na hapa hahami.

maabara_Mwanjelwa

Mwambieni mjomba kwamba hakuna kipimo kinachoweza kusema mayai yale mawili yalitoka kwake. Kwa umri wa vile vifuko inawezekana kijana aliyapata shuleni, sokoni, au kwenye kijito kabla hata mjomba hajahamia. Alichofanya ni kusema, na wengi wanakufa na siri hiyo. Kwenye kinyesi chake kwa siku hizi za mwanzo awe mwangalifu sana, atumie choo tu, anawe kwa sabuni na kukata kucha, maana mnyoo akifa pingili zinaendelea kutoka na mayai yaliyomo bado ni mazima.

dada_isyonje

Nimemsomea. Amekata kucha hapo hapo mbele yangu kwa wembe. Choo tumeweka mlango na dumu la maji limetobolewa linaning'inia nje na sabuni kwenye soksi, mdogo wangu ndo amelifunga kwa ule mkono wake.

Hajaanguka siku 24. Kikombe chake kile cha pembeni sikioni tena rafuni, nilipomuuliza mama akasema baba anakinywea chai. Jumatatu tunarudi kliniki, nitamuuliza daktari ile ya dawa ya uvimbe na nitawaandikia.